Chupa ya Maji Isiyokuwa na Maji



Ilikuwa imebaki wiki moja mwezi wa Ramadhani uandame, na nyumba yetu, kama nyumba nyingi za mwambao, ilikuwa katika pirikapirika za usafi. Mapazia yalikuwa yamefuliwa, majamvi yameanikwa uani, na fundi ameitwa kuzibua bomba la jikoni lililozibwa na mafuta. Alikuja na kostiki soda ndani ya mfuko wake wenye maandishi ya onyo. Akaikoroga katika maji, akaimimina, bomba likazibuka, akapewa ujira wake akaenda zake. Kiasi kilichosalia alikuwa amekitia katika chupa tupu ya maji ya kunywa, akatuachia kando ya sinki kwa nia njema, itufae siku nyingine.

Alasiri, mjukuu wangu wa miaka 5 alirudi kutoka chuoni koo limemkauka. Akaiona chupa, akafungua kifuniko. Mama yake aliwahi kumpokonya kabla haijafika mdomoni, na katika purukushani hiyo maji yale yakamwagikia mkono wake yeye mama. Mwanzo hakuhisi maumivu. Alihisi utelezi tu, kama mtu aliyeshika sabuni. Mimi nikakimbilia ndimu, nikidhani kwamba ukali wake ungeivunja nguvu dawa ile. Jirani yetu, ambaye ni muuguzi, akanizuia mlangoni: “Maji, bibi. Maji peke yake, na yatiririke.”

Kovu lililobaki mkononi mwa binti yangu ni dogo kama ukucha, na mtoto hakuguswa, alhamdulillahi. Lakini lau mama yake angalikuwa chumba cha pili wakati ule, sijui leo ningekuwa nikikuandikia habari gani. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kostiki ni kitu gani?

Jina lake la kitaalamu ni haidroksidi ya sodiamu. Viwandani hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi. Huuzwa ikiwa vipande vyembamba au punje nyeupe zisizo na harufu, na ikishayeyuka katika maji haina rangi. Hutumiwa katika viwanda vya sabuni na vya karatasi, na hata zile chupa za kioo za soda zinazorejeshwa kiwandani huoshwa kwa kostiki kabla ya kujazwa upya. Kwetu sisi imeingia majumbani kwa milango miwili: kuzibua mabomba, na kutengeneza sabuni, kazi ambayo imewapatia akina mama wengi riziki ya halali.

Isichanganywe na magadi tunayotia katika maharagwe. Yote miwili ni myeupe, na mtu asiyejua huweza kuyaona kuwa kitu kimoja, lakini ukali wa kostiki uko mbali sana na ule wa magadi ya jikoni.

Kile kinachoifanya kostiki izibue bomba ndicho hicho kinachoifanya iuharibu mwili. Mafuta yakikutana nayo hugeuka kuwa sabuni na kuchukuliwa na maji. Ngozi, jicho na koo la mwanadamu navyo vina mafuta na protini ndani yake. Kostiki huvilainisha, huviyeyusha, kisha huendelea kupenya. Ule utelezi aliouhisi binti yangu haukuwa wa dawa peke yake. Yalikuwa mafuta ya ngozi yake mwenyewe yaliyoanza kugeuka sabuni. Maumivu huweza kuchelewa, na mwenye kuyangoja ndipo aoshe amekwisha kuipa kostiki nafasi ya kuingia ndani.

Somo la miaka mia iliyopita

Msiba huu haukuanza kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, kostiki ilikuwa ikiuzwa kwa ajili ya usafi na sabuni za nyumbani, na watoto wakawa wanaimeza. Daktari Chevalier Jackson, bingwa wa maradhi ya koo, alikuwa akiwapokea watoto ambao kovu lilikuwa limeibana njia yao ya chakula. Hakutosheka na kuwatibu mmoja mmoja. Alipigania kwa miaka mingi iwepo sheria, na mwaka 1927 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria iliyolazimisha makopo na vifurushi vya kemikali za aina hii viandikwe waziwazi kuwa ni sumu, pamoja na maelekezo ya kumsaidia aliyedhurika.

Daktari huyo alikuwa ameelewa kwamba maandishi juu ya kopo ni kinga. Fundi wetu alipoitoa kostiki katika mfuko wake na kuitia katika chupa ya maji, aliiondoa kinga hiyo kwa dakika moja tu. Nasi wenye nyumba tukaiona chupa, tukanyamaza. Kosa halikuwa la fundi peke yake.

Namna ya kuitumia kwa usalama

La kwanza, ibaki katika chombo chake ilichonunuliwa nacho. Isitiwe kamwe katika chupa ya maji, ya soda wala ya sharubati, hata kwa saa moja. Ukiinunua kwa kupimiwa dukani, mwombe muuzaji aandike jina lake juu ya mfuko, nawe ukifika nyumbani uitie katika kopo la plastiki ngumu lenye kifuniko cha kukaza na uandike SUMU kwa herufi kubwa. Kukaza kifuniko kuna faida nyingine: hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na kostiki huufyonza unyevu huo ikalowa na kugandamana.

La pili, iwekwe juu, ndani ya kabati lenye kufuli. Chini ya sinki ni mahali pa mwanzo mtoto kupafikia. Isikae jirani na chumvi, sukari wala unga.

La tatu, kostiki ndiyo hutiwa katika maji, kidogokidogo huku ukikoroga. Maji hayamiminwi juu ya kostiki. Inapoyeyuka hutoa joto kubwa, na mchanganyiko mkali huweza kukaribia kuchemka. Ukimwagia maji juu yake, huweza kuchemka ghafla na kukurukia usoni. Tumia maji baridi, fanya kazi penye hewa, na usiinamie chombo.

La nne, usitumie sufuria ya alumini wala ndoo ya bati. Kostiki huzila metali hizo na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

La tano, vaa glavu za mpira, miwani ya kinga, viatu vilivyofunika vidole na nguo ya mikono mirefu. Watoto wawe mbali mpaka kazi iishe na vyombo vioshwe.

La sita, usiichanganye na dawa nyingine. Ikikutana na asidi ya kusafishia choo hufoka kwa joto. Na asidi hiyo nayo isikutane na dawa ya kung’arishia nguo nyeupe, kwani hapo hutoka gesi ya klorini inayodhuru mapafu.

Ikitokea ajali

Ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe kwa maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi. Ikiwa ni punje kavu, zipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha maji. Usipake ndimu, siki wala dawa ya meno. Ndimu na siki zikikutana na kostiki huongeza joto, na kuzitafuta kunapoteza dakika zilizo bora kuliko zote.

Ikiingia jichoni, lishike jicho wazi na umimine maji safi kwa nusu saa, hata mgonjwa akilia, kisha umpeleke hospitali mara moja. Kostiki huweza kupofua.

Ikimezwa, mwenye fahamu asukutue kinywa na kutema. Usimtapishe kwa hali yoyote, maana kostiki itaunguza koo mara ya pili ikirudi juu. Usimshurutishe kunywa maziwa wala maji. Mkimbize hospitali, au upige simu nambari 999 au 112, na uchukue kile chombo ili daktari akione. Usidanganyike ukiona midomo yake haina jeraha. Koo huweza kuungua kinywa kikiwa salama, na kovu la kulibana likajitokeza wiki kadhaa baadaye.

Ndugu zangu, sisemi kostiki ifukuzwe majumbani. Wapo wanaowasomesha watoto wao kwa kipande cha sabuni. Ninachokuomba ni kitu cha dakika chache tu: leo, kabla hujalala, zunguka jikoni, bafuni na uani kwako. Kila chupa yenye kitu ambacho si cha kunywa, na haina jina, usiiache ilale hapo usiku huu. Watoto ni amana, na mtoto mwenye kiu hana wakati wa kuuliza kilichomo ndani ya chupa.

Wabillahi tawfiq.