Je, Wajua Kwamba Taa ya Tyubu ni Mtambo wa Redio?

Mrija wa kioo unaomulika gereji nyingi za nyumbani nchini Marekani, yaani kile chumba cha kuegeshea gari ambacho kwa desturi ya huko huwa pia karakana ya useremala na, kwa wapenzi wa redio ya ridhaa, chumba cha mitambo yao, hufanya kazi mbili kwa pamoja: ya kwanza ni kutoa mwanga, na ya pili ni kurusha mawimbi ya redio ambayo hakuna aliyeyaagiza. Kazi hiyo ya pili hujitokeza pale redio iliyo juu ya meza ya kazi inapofunguliwa katika masafa ya kati au masafa mafupi, kisha swichi ya taa ikabonyezwa, kwani sauti ya mtangazaji humezwa papo hapo na mvumo mzito kama wa nyuki waliochokozwa. Wenye nyumba wengi huishuku redio, wakaipigapiga ubavuni au wakabadilisha betri, ilhali redio haijakosa lolote, kwa kuwa imepokea kwa uaminifu kile kilichorushwa. Tatizo hili hueleweka vyema zaidi likitazamwa kuwa ni la kuutafuta mtambo unaorusha na kuunyamazisha, wala si la kutengeneza redio mbovu.

Undugu wa taa hii na mitambo ya redio ni wa kweli kabisa. Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Kijerumani aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio huko Karlsruhe kati ya mwaka 1886 na 1888, aliyazalisha kwa kurusha cheche za umeme katika mwanya mdogo kati ya vipande viwili vya metali, na mitambo ya mwanzo ya Guglielmo Marconi nayo ilitegemea cheche. Sababu yake ni kwamba mkondo wa umeme unaobadilika ghafla, badala ya kupanda na kushuka taratibu, hubeba ndani yake masafa mengi kwa mpigo, neno masafa likiwa hapa na maana ya idadi ya mitetemo katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi, kipimo kilichopewa jina la Hertz huyohuyo. Taa ya tyubu, pamoja na upole wake wote wa kuonekana, ni cheche ndefu iliyofungiwa ndani ya kioo na kufundishwa adabu, ingawa adabu hiyo haikukamilika.

Ndani ya mrija mna gesi kidogo ya argoni pamoja na tone la zebaki, na katika kila ncha kuna koili ya waya wa tungsteni iliyopakwa oksidi za metali kama bariamu, ambazo hutoa elektroni kwa urahisi zinapopata moto. Umeme unapopita kati ya ncha hizo, elektroni huzigonga atomi za zebaki nazo zikatoa mionzi ya urujuanimno, yaani mwanga usioonekana kwa jicho, ambao sehemu yake kubwa ina urefu wa wimbi wa nanomita 254. Unga uliopakwa ndani ya kioo huufyonza na kuutoa tena ukiwa mwanga mweupe. Kampuni ya General Electric iliziingiza sokoni taa za namna hii mwaka 1938, baada ya kazi ya kikundi kilichoongozwa na mhandisi George Inman. Tabia moja ya gesi inayopitisha umeme huwalazimisha waundaji kuongeza kifaa cha pili, nayo ni kwamba kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo ukinzani wa gesi unavyopungua, hivyo mrija ukiunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani mkondo utapanda mpaka kitu kiungue. Kifaa cha kuudhibiti mkondo huo huitwa balasti, na katika taa za zamani ni koili nzito ya waya wa shaba iliyozungushwa kwenye mabamba ya chuma, ile ambayo mafundi umeme wa Afrika Mashariki huiita choki.

Katika taa ya choki mkondo hugeuza mwelekeo mara 100 kila sekunde pale umeme unapokuwa wa hezi 50, kama ulivyo Tanzania na Kenya, na mara 120 pale unapokuwa wa hezi 60, kama ulivyo Marekani. Kila unapogeuka hupitia sifuri, mwako wa gesi ukafifia kwa kitambo kisichotambulika, kisha ukaanza upya kwa mshtuko, na mshtuko huo ni cheche ya Hertz inayojirudia usiku kucha darini. Watengenezaji walilijua jambo hili mapema. Ndani ya stata, kile kikopo kidogo kinachosaidia mrija kuwaka, mna balbu ndogo ya gesi yenye utepe wa metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti, na kando yake kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji kwa muda mfupi, ambacho moja ya kazi zake ni kupunguza makelele ya redio. Stata ambayo kapasita yake imekufa itaendelea kuiwasha taa bila shida huku ikiyaachia makelele yapite, na kwa kuwa stata ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika duka la vifaa vya umeme, hiyo ndiyo inayostahili kubadilishwa kwanza. Mrija nao huchangia unapozeeka: weusi katika ncha zake huashiria kwamba oksidi inakwisha na mwako hauna tena mahali imara pa kushika. Mrija uliolegea katika vishikio vyake ni mbaya zaidi, kwa kuwa hutoa cheche za ziada ambazo ni hatari ya moto kabla hazijawa kero ya redio.

Taa za miongo ya karibuni zimeiacha choki na kutumia balasti ya kielektroniki, ambamo transista huukatakata umeme mara 20,000 hadi 60,000 hivi kwa sekunde. Faida yake haina ubishi, kwa kuwa gesi haipati nafasi ya kufifia kati ya pigo na pigo, taa haipepesi, na mwanga mwingi zaidi hupatikana kwa umeme uleule. Gharama humwangukia msikilizaji wa redio. Mapigo yenye kingo kali huzaa harmoniki, yaani masafa ambayo ni vizidisho kamili vya masafa ya msingi. Balasti ya kilohezi 40, kwa mfano, inaweza kusikika pia katika kilohezi 80, 120, 160 na kuendelea, na kwa kuwa bendi ya masafa ya kati, nje ya mabara ya Amerika, huanzia karibu kilohezi 526 hadi 1,606, vizidisho 27 vya balasti hiyo, kuanzia 560 hadi 1,600, huangukia humo. Ndiyo maana mtu anayezungusha kitufe cha kutafutia stesheni polepole husikia mvumo ukija na kuondoka kwa hatua zinazolingana, na hatua hizo ni sahihi ya mkosaji, kwani umbali kati ya mvumo mmoja na unaofuata ndio masafa ya balasti yenyewe. Taa ya choki haiachi sahihi ya aina hiyo, kwa kuwa makelele yake yametapakaa kote.

Stesheni za FM husalimika kwa sehemu kubwa, kwanza kwa sababu ziko juu sana, kati ya megahezi 87.5 na 108, ambako harmoniki huwa zimekwisha nguvu, na pili kwa sababu FM huficha sauti katika mabadiliko ya masafa, si katika ukubwa wa wimbi, ilhali makelele ya taa huathiri zaidi ukubwa. Edwin Armstrong, Mmarekani aliyepewa hataza za mfumo huo mwaka 1933, alikuwa akitafuta dawa ya makelele ya namna hiihii. Hata hivyo, kumshauri mtu ahamie FM si tiba kwa anayetaka idhaa za mbali, iwe ni za Kiswahili kutoka ng'ambo katika masafa mafupi au sauti dhaifu ya mwenzake wa redio ya ridhaa aliye bara jingine.

Makelele huifikia redio kwa njia mbili ambazo hazina uzito sawa. Mrija wa futi 4 ni antena fupi mno kwa mawimbi ya masafa ya kati, ambayo kila moja lina urefu wa mamia ya mita, hivyo yale yanayotoka humo moja kwa moja hudhoofika haraka, na kusogeza redio mita mbili tatu huleta nafuu. Njia yenye madhara hasa ni ya nyaya: makelele hurudi nyuma kutoka kwenye balasti, yakaingia katika nyaya za ukutani na darini, nazo, kwa kuwa zimeenea makumi ya mita, huwa antena ya nyumba nzima. Kumtambua mkosaji kunahitaji redio ndogo ya betri iliyotegwa kati ya stesheni mbili, na mtu wa kuzima saketi breka moja baada ya nyingine mpaka mvumo ukatike. Redio hiyo ina kijiti cha feraiti ndani, yaani kauri yenye oksidi ya chuma inayokusanya ugasumaku, na mvumo hupungua kijiti kinapoelekeza ncha yake kwenye chanzo. Lakini mbinu hii ya kuzungusha redio ije baada ya ile ya kuzima saketi, kwa sababu nyaya zilizojaa makelele hudanganya mwelekeo.

Tiba hufuata mantiki hiyohiyo ya kuyazuia makelele yasiingie katika nyaya. Taa nyingi za gereji huning'inizwa kwa minyororo na kuchomekwa kwa plagi, na zikikosa waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi, bati lake la kuakisi mwanga huelea bila kuwa ngao ya chochote. Kuliunganisha na ethi ni jambo la usalama kwanza, na mara nyingi hupunguza mvumo pia. Baada ya hapo huwekwa kichujio, kisanduku chenye koili na kapasita ambacho huruhusu umeme wa hezi 50 au 60 upite na kuyarudisha masafa ya juu yalikotoka. Kichujio kilichofungwa kwenye meni swichi hakifai kitu, kwa kuwa waya wote kati yake na taa unaendelea kurusha. Mahali pake ni ndani ya bati la taa, jirani na balasti. Kapasita zake ziwe zile zilizotengenezwa mahususi kwa umeme wa nyumbani, kwa kuwa kapasita ya kawaida ikipasuka huweza kuwasha moto. Pete ya feraiti nayo husaidia, mradi waya zote mbili za umeme zipitishwe humo pamoja, na mizunguko iwe mingi, kwani mizunguko mitatu huongeza uzuiaji karibu mara 9 ya mmoja.

Wakati mwingine balasti yenyewe ndiyo isiyostahili kuwa nyumbani. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, imeweka viwango viwili vya makelele, kimoja kikali kwa vifaa vya majumbani na kingine chepesi kwa vile vya maghala na ofisi, na balasti ya daraja la ghala ikifungwa katika gereji hakuna pete itakayoitakasa kikamilifu. Kuibadilisha ni nafuu kuliko kuhangaika nayo. Kukimbilia tyubu za LED si kinga pia, kwa sababu nazo zina saketi ya kukatakata umeme, na nchini Marekani balbu za LED zinajulikana kwa kupunguza umbali wa rimoti za kufungulia milango ya gereji. Mabadiliko hayo yatakuja hata hivyo, kwani nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha utengenezaji wa mirija hii ifikapo 2027.

Undugu wa taa na redio huenda pia kinyumenyume. Mrija usiounganishwa na waya wowote, hata ule uliotupwa kwa sababu koili zake zimekatika, huwaka ukisogezwa karibu na antena ya mtambo wenye nguvu wakati unaporusha, kwa kuwa gesi iliyomo haihitaji waya bali uga wa umeme ulio mkali wa kutosha, na waendesha redio wa ridhaa wameutumia mwako huo kutambua ni sehemu ipi ya antena yenye volti kubwa.