Pombe na Ubongo: Usiache Ghafla Ukiwa Peke Yako

Mara nyingi tunasema mlevi hana aibu. Wataalamu wanasema ubongo wake umebadilika.

Mwaka 1954, huko Montreal, Kanada, watafiti James Olds na Peter Milner waligundua sehemu za ubongo wa panya zinazoleta raha. Pombe huamsha sehemu kama hizo kwa binadamu, ndiyo maana mtu huirudia.

Pombe pia hupunguza kasi ya ubongo. Kwa anayekunywa sana kila siku, ubongo hujizoesha kwa kuongeza kasi yake. Akiacha ghafla, kasi hiyo hukosa breki: mikono hutetemeka, jasho humtoka, usingizi hupotea. Wengine huanguka kama wenye kifafa ndani ya siku 2, au huona vitu visivyokuwepo. Huo si uchawi wala mapepo. Ni ugonjwa, na unaweza kuua.

Kwa hiyo, kabla ya kuacha pombe au gongo, fika zahanati. Dawa za kuzuia hatari hiyo zipo. Nanyi jamaa na majirani, msimcheke wala kumfungia ndani. Msindikizeni.