Nzi Aliyevaa Sare ya Nyigu

Ametua juu ya ua la mlimao: kiuno chembamba, tumbo lenye mistari ya njano na nyeusi, mabawa ya rangi ya moshi. Mkono unarudi wenyewe. Lakini huenda huyo si nyigu. Huenda ni nzi wa ukoo ambao wanasayansi wanauita Conopidae, wenye aina takriban 800 duniani.

Shuleni tulifundishwa kuhesabu mabawa: nyigu manne, nzi mawili. Ni kweli, ila mdudu akiwa hai hesabu hiyo hukupiga chenga, kwa sababu bawa la mbele la nyigu hushikana na la nyuma kwa vikulabu vidogo yakaonekana kama moja. Mimi huanza na uso. Nyigu ana macho yenye umbo la figo. Nzi huyu ana kichwa kipana, macho makubwa ya mviringo na, mara nyingi, mrija mrefu wa kufyonzea nekta. Kisha mkuze kwa kamera ya simu, utazame nyuma ya mabawa: kuna vijiti viwili vyenye vichwa kama njiti za kiberiti, vinavyomzuia asiyumbe hewani. Nyigu hana hivyo. Aina nyingi zina hata ukingo mweusi mbele ya bawa, ili lionekane limekunjwa kama la nyigu aliyetulia.

Mwiba hana. Wala si yule nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, anayetulazimisha kupiga pasi mpaka nepi. Lakini sare yake inatosha: ndege aliyewahi kudungwa na nyigu humwepuka. Hila ya namna hii Mwingereza Henry Walter Bates aliieleza mwaka 1862 kwa kutumia vipepeo wa Amazon.

Wenye haki ya kumwogopa ni nyuki na nyigu wenyewe. Jike humrukia nyuki hewani, na kwa ncha ya tumbo lake inayofanya kazi kama kifungulia kopo hupenyeza yai kati ya pingili. Buu humla nyuki kutoka ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu nyuki wakubwa wenye manyoya wa Ulaya ulionyesha kwamba aliyebeba buu hujichimbia ardhini kabla ya kufa. Buu hugeuka pupa humo humo, ndani ya maiti iliyojizika.

Afrika tuna binamu yake, Stylogaster, asiyejisumbua na sare. Huelea mbele ya msafara wa siafu, akingoja mende wakurupuke, halafu huwachoma yai lenye ncha kama chusa.