Tsunami na Pwani Yetu (2): Safari ya Onyo Hadi Ngomeni

Juma lililopita tulieleza jinsi tetemeko chini ya bahari linavyoyainua maji na kuyasukuma maelfu ya kilomita. Leo tunaifuata habari yenyewe: nani huipata kwanza, humpa nani, na humfikiaje mtu aliye ufuoni Ngomeni, Mambrui au Mayungu, hapa Kilifi.

Jumapili ya 26 Desemba 2004, tetemeko la kipimo cha 9.1 lilipiga karibu na Sumatra, Indonesia, saa kumi kasoro dakika mbili alfajiri kwa saa za kwetu. Mawimbi yalifika pwani ya Kenya saa nane na zaidi baadaye, adhuhuri imeshapita. Muda huo unatosha basi kutoka Mombasa kufika Nairobi. Hata hivyo, Bahari Hindi nzima haikuwa na mfumo wa kuonya. Wakuu wetu walizipata habari kupitia vyombo vya habari, maafa ya Asia yalipokuwa yanatangazwa duniani kote, ndipo polisi wakaanza kuwaondoa watu fukweni. Hatua hiyo iliokoa maisha. Kenya ilipoteza mtu mmoja, Watamu. Somalia ilipoteza karibu 300. Tulisaidiwa pia na saa. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, lakini mawimbi yalikuta maji yangali yanapanda, hayajajaa.

Baada ya msiba huo, mataifa yanayopakana na bahari hii yalikubaliana kujenga mfumo wa pamoja chini ya UNESCO. Tangu Oktoba 2011 vituo vya Indonesia, India na Australia hukesha kwa niaba yetu sote. Hupokea mitetemo ya ardhi, vipimo vya maji bandarini na taarifa za maboya ya baharini, na katika dakika chache hutuma taarifa kwa kila nchi: pwani ipi huenda ikapata wimbi linalozidi nusu mita, na saa ngapi. Kazi yao huishia hapo. Kumwambia Mkenya aondoke ufuoni ni uamuzi wa Kenya yenyewe, na ofisi inayopokea taarifa hizo ni Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, Nairobi.

Kutoka Jakarta hadi Nairobi, basi, ni suala la dakika. Wasiwasi wangu uko katika kipande kilichobaki. Taarifa hutoka Nairobi kwenda kwa wasimamizi wa maafa, kwa kamishna wa kaunti, kwa naibu wake, kwa chifu, kwa mzee wa kijiji. Upande mwingine huenda redioni, kwa walinzi wa pwani, hotelini na kwa viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fuo. Kila mkono unaoipokea hula dakika zake. Simu moja iliyozimwa usiku yatosha kukiacha kijiji kizima kimelala.

Tarehe 11 Aprili 2012 mfumo huu ulijaribiwa kwa kweli. Tetemeko la 8.6 lilitokea tena magharibi ya Sumatra, na onyo likatolewa kwa nchi za Bahari Hindi, Kenya ikiwamo. Wimbi kubwa halikuja, kwa sababu miamba ya chini iliteleza kwa ubavu badala ya kuinuka. Onyo lilikuwa sahihi kwa yaliyojulikana saa ile. Lakini aliyekimbia na watoto wake kisha akaona bahari shwari anastahili kuelezwa sababu, siku hiyohiyo, na aliyemwonya. Asipoelezwa, mara ya pili hatainuka.

Na maneno yachaguliwe. Mvuvi akiambiwa tu kwamba bahari itachafuka, atafikiri ni upepo, na upepo ameuzoea. Aambiwe ni tsunami, saa itakayofika, aende wapi, na asirudi mpaka nani aseme. Wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Mengine huja kwa kupishana makumi ya dakika, kwa saa kadhaa. Aliyeko tayari baharini, kwenye kina kirefu, asikimbilie pwani, kwa kuwa huko kwenye kina wimbi ni dogo na nguvu yake huonekana likifika maji machache. Tena kila mahali pana maelekezo yake. Mlangoni mwa mto Sabaki tope limezuia matumbawe kukua, hivyo hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi kama ule wa Watamu.

Ishara inayonitia hofu zaidi ni maji kukauka ghafla. Kwetu, maji yakipwa ndipo watu hushuka mwambani kutafuta pweza, kwa hiyo bahari iliyorudi nyuma hualika badala ya kutisha. Ila mkazi wa pwani anajua kwa kuhesabu siku za mwezi lini maji yanapaswa kupwa. Yakipwa nje ya saa yake, akimbie, asingoje redio. Kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na tetemeko la 2004, kilikuwa na watu wapatao 78,000, na waliokufa kwa tsunami ni saba. Wazee wao walikuwa wakisimulia wimbi la mwaka 1907, na ardhi ilipotikisika watu walipanda vilimani bila kusubiri amri.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi na Idara ya Hali ya Hewa zinapaswa kukubaliana sasa na misikiti, makanisa na BMU juu ya vipaza sauti vitakavyotumika, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, na kuwazoeza watu, wanafunzi kwanza. Nawe msomaji, wiki hii muulize chifu wako: onyo likitoka Nairobi saa nane za usiku, nani humpigia simu, na yeye huanza kumwamsha nani?