Nauli ni Amana: Usimamizi wa Makusanyo katika Mabasi ya Abiria (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tuliona namna nauli inavyokadiriwa na ni nani mwenye haki ya kuikadiria. Leo nakusudia kuifuata shilingi yenyewe, tangu inapotoka mkononi mwa abiria hata inapolala benki, kwani safari yake, ijapokuwa ni fupi kuliko safari ya abiria aliyeilipa, ina vituo vingi zaidi, na katika kila kituo pana mtu awezaye kushuka nayo.

Sisi wakazi wa Dar es Salaam tumezoea kwa miaka mingi mtindo mmoja wa kukusanya nauli, nao ni mtindo wa hesabu. Mwenye daladala humkabidhi dereva gari alfajiri, wakapatana kiasi kitakachopelekwa jioni, na kiasi hicho ndicho kiitwacho hesabu; kinachosalia baada ya kutoa mafuta, na cha wapiga debe, na gharama nyingine za njiani, huwa ni cha dereva na konda wake. Umtazame konda huyo mlangoni: noti amezikunja kwa urefu akazipachika baina ya vidole, kubwa upande huu na ndogo upande ule, na sarafu anazichezesha kiganjani zikalia, na mlio huo peke yake humtosha kuomba nauli asitamke neno. Mapato yote ya siku yamo katika vidole vile na katika kichwa chake. Mwenye gari hajui ni watu wangapi waliopanda, wala hana haja ya kujua, maadamu kiasi walichopatana kimefika; hata neno hesabu, ambalo asili yake ni kujua idadi ya kitu kwa yakini, limekuja kuwa jina la fedha ambayo hakuna aliyeihesabu.

Haikuwa hivyo tangu hapo. Mabasi ya Dar es Salaam Motor Transport, kampuni iliyotaifishwa mwaka 1970, na yale ya Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, shirika lililoundwa mwaka 1974, yalikuwa na makondakta wa mshahara na tiketi za kukata. Magari yalipopungua na watu wakazidi kujazana vituoni, magari ya watu binafsi yakaruhusiwa mwaka 1983, nayo yakaitwa daladala kwa ajili ya dala, jina ambalo watu walikuwa wakiiita sarafu ya shilingi tano. Siwalaumu wenye daladala, maana waliuokoa mji. Lakini kwa muda wote huo elimu ya kusimamia nauli ilikaa bila kazi.

Basi yalipoanza mabasi yaendayo haraka tarehe 10 Mei 2016, katika njia kuu ya kilometa 20.9 itokayo Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake ya Morocco na Gerezani, watu walistaajabia ukubwa wa magari na njia yake ya pekee, ilhali kwangu mimi jambo kubwa zaidi lilikuwa dogo la kutazama, nalo ni kwamba nauli ilitoka mlangoni mwa basi ikaenda dirishani, abiria akalipa na kupita kizuizini kabla hajaliona gari. Tena katika mpango wa asili wa mradi, kazi tatu zilitenganishwa kwa makusudi: aendeshaye basi asiwe ndiye akusanyaye nauli, na akusanyaye asiwe ndiye aigawaye, bali pawe na mwangalizi wa mfuko asiyekuwa hawa wawili. Hiyo ni hekima kongwe ya uhazini. Fedha iliyo katika mkono mmoja haina shahidi, na fedha isiyo na shahidi humtia majaribuni hata mtu mwema.

Na sasa tuingie katika kazi ya msimamizi. Kila zamu ina hesabu tatu ambazo sharti ziafikiane: ya tiketi zilizotoka, ya fedha iliyopokewa, na ya vichwa vilivyopita kizuizini. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba karani ameanza zamu na tiketi namba 4215, na zamu ilipokwisha namba inayosubiri kutoka ni 4730; basi zilizotoka ni 515, na kwa nauli ya shilingi 650 iliyotozwa njia kuu mradi ulipoanza, sharti pawepo shilingi 334,750, mbali na zile, tuseme 20,000, alizokabidhiwa asubuhi kwa ajili ya chenji. Karani atahesabu kwanza peke yake, sarafu akizipanga kumi kumi kama visiki vidogo, noti akizigeuza zote uso mmoja. Kisha msimamizi atahesabu bila ya kuambiwa jumla ya mwenziwe, maana aliyekwisha kuisikia jumla haihesabu fedha, bali huitafutia jumla ile. Wakiafikiana watatia sahihi wote wawili, mfuko utafungwa na kutiwa lakiri, na asubuhi ya pili stakabadhi ya benki italinganishwa na karatasi ile ile ya jana, si na nakala yake.

Wengi hudhani kwamba wajibu wa msimamizi ni kutafuta upungufu. Mimi nasema ziada ndiyo ya kumkosesha usingizi. Upungufu wa shilingi mia mbili tatu, leo upo, kesho haupo, aghalabu ni taksiri ya mkono uliochoka. Ama ziada, hiyo ni fedha ya abiria ambaye hakurudishiwa chenji yake, au aliyelipa asipewe tiketi, na karani akakosa nafasi ya kuitoa kabla ya kuhesabiwa. Na upungufu usiobadilika, wa kiasi kile kile kila siku, huo si taksiri tena.

Khiyana iliyojificha kuliko zote haionekani hata kidogo katika ulinganifu wa tiketi na fedha. Mtu mzima alilipa 650, na mwanafunzi 200. Karani akipokea 650 akatoa tiketi ya mwanafunzi, tiketi na fedha zitaafikiana mwisho wa zamu, naye atakuwa amekwisha kutia kibindoni shilingi 450 kwa kila kichwa. Dawa yake ni kutazama saa. Msimamizi mwenye akili hupanga tiketi za wanafunzi kwa saa na kwa siku, na akiona zimetoka kwa wingi Jumapili adhuhuri, au katikati ya likizo, hana haja ya kumshuku mtu kwa sura. Aende akasimame kizuizini awahesabu wanafunzi kwa macho yake.

Chenji nayo ni mlango mwingine. Aliyetoa noti ya elfu kwa nauli hiyo ya 650 alistahili 350, na hiyo hamsini ya mwisho haikupatikana kwa urahisi katika mji huu. Siku moja, katika kituo ambacho sitakitaja, nilitoa elfu, karani akaniambia hana chenji, nami kwa haraka yangu nikaitikia kwa kichwa. Akamwashiria wa kizuizini, nikapita, na nilipokwisha kukaa ndani ya basi ndipo nilipotambua kwamba mkononi sina chenji wala tiketi. Nililipa zaidi ya nauli, na katika daftari la siku ile mimi sikusafiri. Kwa hiyo chenji ni sehemu ya usimamizi, si jambo la adabu tu. Mji wa New York, nauli ilipopandishwa kutoka senti 10 hadi 15 mwaka 1953, ilhali vizuizi vya treni haviwezi kupokea sarafu mbili, uliunda tokeni, kisarafu cha pekee chenye thamani ya safari moja, nacho kikatumika kwa miaka 50.

Lakini sitakuwa na insafu nikimsimamia karani bila ya kuutazama ujira wake. Mabasi ya farasi ya London yalikaa miaka mingi katika mtindo unaofanana na hesabu yetu: kondakta alipeleka kiasi kilichozoeleka, naye akajifidia katika kilichozidi. Mwaka 1891 London General Omnibus Company ikaleta tiketi, na mwezi Juni makondakta na madereva wakagoma, wakidai ujira bora na saa chache za kazi. Wako watakaosema waligoma kwa kuwa wezi wamezibiwa njia. Mimi naona waliondolewa sehemu ya kipato, ambayo kila mtu aliijua na kuinyamazia, kabla ya kuwekewa halali badala yake. Akabidhiwaye laki tatu kwa zamu moja, naye hana mkataba wala uhakika wa mshahara wa mwisho wa mwezi, hawezi kulindwa kwa lakiri wala kwa kamera, na mwajiri anayeanza kwa kamera kabla ya mshahara ameanza kinyume.

Ama kuhusu kadi, na sababu zilizofanya agizo la mwaka 2014 la kulipia matatu za Kenya bila ya fedha taslimu lisishike, hayo yatakuwa maudhui ya sehemu ya tatu, inshallah. Hadi hapo namwomba msomaji apandaye basi la tiketi jambo moja: unapolipa, subiri tiketi yako na chenji yako hata kama gari limekwisha kufungua milango, na uisome bei iliyoandikwa juu yake kabla hujapita kizuizini.