Programu na Printa ya Chaguo-msingi

Printa ya chaguo-msingi ndiyo inayopokea kazi ya kuchapa iwapo hakuna printa nyingine iliyotajwa. Katika Windows, chaguo hilo ni la mtumiaji, si la kompyuta nzima. Watu wawili wenye akaunti tofauti kwenye kompyuta moja wanaweza kuwa na printa tofauti za chaguo-msingi.

Zamani, programu iliyotaka kubadili printa hiyo iliandika upya mstari wa device katika faili la win.ini, kisha ikazitangazia programu nyingine zilizokuwa wazi. Tangu Windows 2000, fanksheni mbili zinatosha: GetDefaultPrinter husoma jina la printa iliyopo, na SetDefaultPrinter huweka nyingine. Katika Linux na macOS, ambako uchapishaji husimamiwa na CUPS, amri ya lpstat -d huonyesha chaguo la sasa, na lpoptions -d hulibadili kwa mtumiaji husika.

Wepesi huo una hatari yake. Programu ya duka ikiifanya printa ya risiti kuwa chaguo-msingi, programu nyingine za mtumiaji huyo nazo huathirika. Ikikwama kabla ya kurudisha chaguo la awali, barua ya kurasa tano inaweza kuchapwa kwenye karatasi nyembamba ya risiti. Aidha, tangu mwaka 2015 Windows 10 inaweza kusimamia chaguo hilo yenyewe, ikaifanya printa iliyotumika mwisho kuwa chaguo-msingi. Kwa hiyo printa iliyokuwapo asubuhi si lazima iwe ileile jioni.

Njia salama ni programu kutaja printa kwa kazi yake pekee. Katika .NET, jina huwekwa kwenye PrinterSettings.PrinterName, na IsValid huthibitisha kwamba printa hiyo ipo. Katika CUPS, amri ya lp -d hupeleka kazi moja kwa printa iliyotajwa bila kugusa chaguo la mtumiaji.

Inapolazimu kubadili chaguo-msingi, kwa mfano kwa ajili ya programu ya zamani isiyoruhusu kutaja printa, hatua ni tatu: kuhifadhi jina la awali, kubadili na kuchapa, kisha kulirudisha. Urudishaji huo uwekwe katika sehemu ya finally, ili utekelezwe hata uchapishaji unapotoa hitilafu. Chaguo-msingi ni la mtumiaji. Programu iliyoliazima iwajibike kulirejesha.