Saa moja ya mbio inalipwa ngapi?

Wazazi wengi wa cité wanasikia mutoto mbele ya tele anapiga kelele: «Nimeingiza milioni!» Ile milioni hainunue unga. Ni feza ya ndani ya muchezo wa motokari, Gran Turismo 7, ambao kampuni Polyphony Digital ya Japani ilitengeneza, ukatoka tarehe 4 mwezi wa tatu 2022 juu ya PlayStation. Lakini namna inavyopatikana, sisi watu wa mine tunaweza kuielewa kuliko hao watoto.

Unakimbia, unalipwa, unanunua motokari. Mbio fupi inalipa kidogo. Mwenye kutafuta nyingi anaingia mbio ndefu, za uvumilivu. Ile ya Le mans, uwanja wa Ufaransa, ni dakika 30: wa kwanza anapata 550,000, na kama hakugonga mutu anaongezewa nusu, inafika 825,000. Tuseme ni primu ya usalama.

Kushinda si kukanyaga gazi tu. Mipira inalika, esansi inapungua, mvua inaweza kuanguka katikati. Anayepandisha vitese mapema na kuachia gazi kidogo mbele ya kona anachoma esansi kidogo. Wengine wakisimama kujaza, yeye anapita. Dereva wa kamyo ya mine anaijua hiyo. Na umeme ukikatika dakika ya 28, hakuna kitu, unaanza upya.

Sasa tuje kwa bei. Motokari McLaren F1 ilipangwa 18,500,000. Kwa mbio ya Le Mans ni mara 23, zaidi ya saa 11 na nusu, kila mara ukiwa wa kwanza. Hautaki kutoka jasho? Kampuni inakuuzia 2,000,000 kwa dola 19.99 za Marekani. Ile motokari peke yake inaomba karibu dola 185, na muchezo wenyewe ulishalipiwa.

Tarehe 17 ya ule mwezi wa tatu, wiki mbili tu kisha kuanza, kampuni ilikata malipo ya mbio nyingi, zingine karibu nusu. Bei za motokari hazikushuka. Siku ile ile muchezo ulikufa zaidi ya saa 30, hata kwa yule anayecheza peke yake, maana unaomba intaneti. Mukubwa wa muchezo, Kazunori Yamauchi, akaandika kama anataka watu wafurahie motokari nyingi bila kulipa. Watu wakakasirika zaidi. Sendika hawana, delege hawana, lakini walipiga kelele pamoja na kuupa muchezo alama za chini kabisa.

Tarehe 25 Yamauchi akaomba radhi, kila muchezaji akapewa milioni moja. Tarehe 7 mwezi wa ine malipo yakapandishwa, zikaongezwa mbio 8 za saa moja moja, zinazofika 1,200,000. Kwangu mimi, milioni ile ilikuwa ya kupoza roho. Kilichofaa ni malipo ya kila mbio. Ndiyo maana kwa mine pia ninakataa tugawiwe mufuko wa unga siku ya ugomvi, na tarif ibakie pale pale.

(Kuko hata wanaofunga manete na elastike, motokari inajiendesha ikisugua ukuta, mwenyewe amelala. Kapita wa kuwakamata hayuko.)

Kitu kimoja lakini wazazi wakijue. Ile feza inaingia tu, haitoke. Muuzaji ni kampuni, na kampuni hainunue tena kwa feza ya kweli. Watoto wetu wengi wanacheza kwa nyumba za michezo, wanalipa franka za kweli kwa saa, na motokari zote zinabakia ndani ya akaunti ya mwenye konsole. Mutoto akikuambia ameingiza milioni, muulize akaunti iko kwa jina la nani.